Kuipa Picha Mgongo

Mimi ni mhakiki wa filamu na siwezi kukaa kitako. Nalisema mapema kwa sababu watu wa kazi yangu wameshanisema vya kutosha. Nikialikwa kwenye onyesho la filamu mpya hapa Dar es Salaam, nikapewa soda na kiti cha mbele, hazipiti dakika nyingi nimeinuka nimekwenda kusimama ukutani. Halafu nageuka, nawatazama waliokaa. Kijana mmoja mtengeneza filamu alinifuata baada ya onyesho lake akaniambia kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Samahani, filamu yangu ilikuwa upande ule." Nikamwambia marahaba mwanangu, naijua ilikokuwa. Hakucheka. Na mimi sikuwa na hamu ya kumweleza, maana maelezo yake ni marefu na yanaanzia Newala.

Wenzangu huandika mwanga, huandika kamera, huandika mwigizaji fulani kauvaa uhusika. Waandike. Mimi filamu naisoma usoni kwa watu. Nataka kujua nani amekohoa na amekohoa wapi, nani ameinamia simu wakati muziki unalia, mama gani amemshika mkono mtoto asiye wake. Na muziki wenyewe siku hizi unanikera kuliko kitu kingine chochote. Mtu hajafa, vinanda vimeshaanza kuomboleza. Unaamriwa ulie kabla hujajua unamlilia nani. Kwetu kilio kina wenyewe, huanzi wewe kabla ya wafiwa, na ukianza utaulizwa una lako lipi.

Nilizaliwa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni habari ya kila siku na bonde la Ruvuma unaliona kule chini limekaa kijani bila haya. Mama hakuwa wa pale. Alikuwa Mmakua wa Lisekese, Masasi, aliyepandishwa mlimani kwa ndoa, na mpaka anazeeka alikuwa akisema "huku kwenu". Baba alikuwa Mmakonde wa Newala hasa, mkulima wa korosho na muhogo, mtu wa maneno machache. Enzi zile za ruksa, serikali ilipoachia biashara na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda kwetu na mizani zao, ulipita msimu mmoja korosho zikawa na bei ya kueleweka. Majirani waliezeka mabati. Mama akashuka Masasi, akarudi na televisheni, deki ya video na jenereta dogo, vimezungushiwa magodoro juu ya lori. Watu walijaa uwanjani kutazama vikishushwa. Baba naye alitazama, akasema, "Haya," akachukua jembe lake akaenda shambani.

Banda letu la video lilikuwa chumba cha udongo ubavuni mwa nyumba, madirisha yamezibwa kwa kanga kuukuu jua lisiingie, maana tulionyesha mchana, watu wakishatoka shamba. Mama alikaa mlangoni. Mimi nilikaa kwenye kigoda kando ya deki, nikiweka kanda, nikitoa kanda, na nikitafsiri. Picha zilikuwa za Kihindi na za Kichina, na hakuna aliyejua Kihindi wala Kichina, mimi nikiwa wa kwanza kutojua. Lakini watu walitaka kuambiwa wale wanasema nini, basi nikawaambia. Nilipaza sauti juu ya jenereta, kwa Kiswahili, nikichomeka Kimakonde penye matusi na penye mapenzi. Baba mkwe wa kwenye picha akinuna, nilimpa sababu ya kununa ambayo wote tunaijua: hakushirikishwa kwenye posa, au kuna mtu kakata mti mpakani. Bibi mmoja jirani aliniambia amefurahi kujua kwamba Wahindi nao ni watu, kumbe na wao wanagombania mipaka.

Nyimbo sikuzigusa. Wimbo ukianza nilinyamaza, na banda zima lilinyamaza, na kesho yake ungewasikia wanawake kwenye foleni ya maji wakiimba Kihindi ambacho Mhindi mwenyewe asingekijua. Isipokuwa zile nyimbo za kwenye mvua. Mnazikumbuka, kijana na binti wanazunguka mti, mvua inawamwagikia, sari imeganda mwilini. Kwingine wanaume walipiga miluzi. Kwetu wanawake walikasirika. "Maji yote hayo," alisema mmoja, "na hakuna hata aliyekinga ndoo." Mwingine akasema nyumba ile ina bati zuri na haina mfereji, wazee wao walikuwa wanawaza nini. Wapenzi wale wangeweza kufia pale kwenye tope, hakuna ambaye angegundua. Nimesoma vitabu vya uhakiki baadaye, vizito, na sijaona pahali palipoelezwa vizuri kuliko pale kwamba kila mtu anaingia kwenye picha na kiu yake.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Mwili ulikuwa Newala, roho haikuwa popote. Sikuweza kumaliza kufagia uwanja bila kuacha fagio na kwenda kusimama njiani kuangalia gari lililopita linaelekea wapi. Chakula nilikula nimesimama. Mama alikuwa akiniuliza kama nina upupu. Shangazi yangu wa Mkunya, dada yake baba, alikuwa ameshanitafutia mchumba, mtu mzima mwenye mikorosho na pikipiki, na alikuja kila mara kuulizia jibu. Mama alimjibu, "Wifi, mtoto ana kazi." Kazi yenyewe ndiyo kile kigoda. Nikikipoteza tu, nitaamkia Mkunya nikiwa mke wa mtu. Hilo nililijua, mama alilijua, na shangazi alilijua kuliko sote.

Kanda tulikodi Masasi. Tulishuka na lori, mimi na mama, na nikifika tu Masasi mwasho unapoa. Nilipenda ile milima yake ya mawe matupu, maduka, muziki unaotoka kila kibaraza kwa wakati mmoja, dansi huku, taarabu kule, mahubiri katikati, na hakuna anayekuuliza wewe mtoto wa nani. Siku moja mwenye duka alitupa picha ya Kihindi ambayo juu ya kasha lake palikuwa na mwanamume juu ya farasi, amefunika uso wote kwa kinyago. Nikasema hiyohiyo. Mama akauliza ina nyimbo ngapi, akaridhika, tukarudi mlimani.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, na nalieleza kwa tahadhari. Jando likiisha, vijana wakitoka, hutokea mapiko. Lipiko ni kinyago cha mti kinachovaliwa kichwani, na aliyekivaa hufunikwa mwili mzima, huoni hata ukucha. Sisi wanawake tuliambiwa yule si mtu, ni mzimu uliofufuliwa na wanaume. Akitokea tunakimbia, tunapiga kelele, tunarudi kuchungulia, tunakimbia tena, na ni raha tupu. Na kila mwanamke anajua ni mtu, na wengi wanajua ni mtu gani, na hakuna anayesema. Kusema ndilo kosa. Baba yangu kila msimu wa ngoma alikuwa "amekwenda kulinda shamba, nguruwe wamezidi". Na lipiko likija uwanjani kwetu na kucheza, mguu wake wa kushoto ulichelewa kidogo kukanyaga, kama wa mtu aliyewahi kujikata na jembe. Mimi na mama tulikimbia sana. Baba akirudi tulimuuliza habari za nguruwe, naye alitueleza, mpaka na ukubwa wao.

Sasa ile picha. Nilikuwa nimeijaribu peke yangu asubuhi na sikuona ubaya wowote. Mtu mwema anavaa kinyago ili awatetee wakulima kwa kabaila, basi, habari iliyozoeleka. Mchana banda likajaa. Yule bwana alipotokea juu ya kile kilima na kinyago chake, wanawake wote waliinuka kwa pamoja wakakimbilia nje wanapiga kelele. Miguu yao ndiyo iliyoamua, si wao. Wakasimama mlangoni wanacheka, wakarudi, akatokea tena, wakakimbia tena. Mama karibu wampitie juu. Wanaume walicheka na wao. Lakini karibu na mwisho yule bwana akasimama mbele ya mkewe, akainua mkono, akakivua. Kicheko kikakatika. Bibi mmoja alijifunika kanga uso mzima. Wanaume walitazama chini. Mimi nikatafsiri kama nilivyotafsiri asubuhi peke yangu, nikamfanya yule mke aseme, "Kumbe ni wewe," na sauti yangu ikasikika hadi barabarani kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akisema kitu.

Kesho yake asubuhi wakaja wazee wa ngoma. Waliketi mkekani uwanjani kwetu, Waislamu na Wakristo, na baba alikuwa miongoni mwao, amekaa kwenye mkeka wake mwenyewe kama mgeni. Mama aliwapa maji ya kunywa, akampa na baba, naye baba akashukuru.

"Shemeji," mzee mkubwa wao akaanza, "jana umewaonyesha wanawake kitu gani?"

"Mhindi, shemeji. Mhindi kavaa kinyago, kakivua."

"Kavua mbele ya mkewe."

"Labda kwao kuna joto," mama akasema. "Hata wewe hapo kofia umeiweka gotini."

Wawili watatu waliangalia pembeni wasicheke. Shemeji na shemeji utani ni halali, na mama alijua kuutumia. Mzee mkubwa aliirudisha kofia yake kichwani taratibu. "Utani tutafanya siku nyingine," akasema. Kisha akasema lile alilokuja nalo. Mahali pa kufichua mambo si pa mtoto wa kike. Deki iendeshwe na mwanamume, kwa mfano binamu yangu. Mama akasema binamu alishajaribu, na deki ikala kanda mpaka tukaikata kwa mkasi. Akasema na hiyo picha ataibeba leo hii airudishe Masasi, iishe. Lakini mzee mkubwa akasema hapana, wao hawawezi kuhukumu kitu wasichokiona, labda ni kizito zaidi kuliko walivyosikia. Waonyeshwe kwanza, wanaume watupu. Baada ya hapo wataamua habari ya deki na ya binti.

Mama akauliza, na nani atawatafsiria?

Wazee wakatazamana. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nimesimama mguu mmoja juu ya mwingine, nimeshika fremu kwa kucha. Kwa wanaume watupu siwezi kuwapo. Bila mimi hawataelewa chochote. Na wakimzoea binamu kwa mchana mmoja tu, ndiyo basi tena. Niliiona ile pikipiki ya Mkunya imesimama uwanjani.

Baba akakohoa. "Atageuka," akasema.

"Nani?"

"Mtoto. Atakaa palepale pake, lakini atawatazama ninyi. Picha ataipa mgongo. Kusikia atasikia, kuona hataona."

Wazee wakalipima neno hilo muda mrefu. Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakapata moto. Picha nilikuwa nimeshaiona mara mbili. Baba anajua, wao wanajua, mbuzi aliyefungwa pale anajua. Sasa nageuka ili nisione nini? Lakini wazee walitikisa vichwa wakasema hilo ni neno la busara, na mama alinitupia jicho kupitia uwazi wa mlango, jicho la kunyamaza.

Wakaja baada ya alasiri. Mabenchi yalijaa wazee watupu, na baba alikaa la mbele, pembeni, mikono magotini. Niliwasha deki, nikageuza kigoda. Sijawahi kuona mateso kama yale. Kila kitu changu kilitaka kugeuka, shingo, mabega, tumbo. Nyuma yangu farasi wanakimbia na mbele yangu ni makofia. Nilianza kutafsiri kwa hasira, harakaharaka, nikimfanya kila mtu wa kwenye picha agombe.

Halafu nikaanza kuwaona. Mwanga wa televisheni ulikuwa unacheza usoni kwao na hawakukumbuka kabisa kwamba nipo. Mzee mmoja mkali, ambaye sisi watoto tulikuwa tukimkwepa njiani, aliachama tangu wimbo wa kwanza na hakufunga. Mwingine alikuwa akitikisa kichwa kila kabaila akisema, anamjua mtu kama huyo. Nilidhani wangempenda yule bwana wa kinyago. Wapi! Macho yao yalimfuata mke. Akiingia, mabenchi yalitulia. Akitoka, watu walijikuna. Sikuhitaji kugeuka kujua yuko wapi. Basi nikabadili. Nikampa yule mwanamke maneno mengi zaidi, na maneno ya maana, nikawaona wazee wanasogea mbele. Hasira ilikuwa imeniishia bila mimi kujua. Na miguu yangu ilikuwa imetulia sakafuni, kitu ambacho hata mama angepaswa kukiona ndipo akubali.

Muziki ukakatika. Pakabaki ngoma moja inadunda polepole, halafu vikuku vya yule mke, anakuja. Nilipajua pale. Sasa anasimama. Sasa bwana anainua mkono. Niliyaona macho ya wazee yakipanuka yote kwa pamoja, nikayaona ya baba. Baba hakushangaa kama wengine. Alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa. Amechoka, mvi zimemjaa kidevuni, midomo imemkauka, anamtazama yule mke wa Kihindi akingoja asikie atakachosema. Akangoja kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na maneno yake.

"Kumbe ni wewe" halikutoka. Nyuma yangu yule mwanamke alikuwa ameanza kusema, kwa sauti ndogo, na mimi nikasema juu yake.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza, kwa unavyokanyaga. Sikusema kwa sababu ulikuwa unapendeza. Na kama ningesema, ungeacha kucheza."

Yule bwana wa kwenye picha hakucheza popote. Alipanda farasi tu mwanzo mpaka mwisho. Kila mzee pale ndani alilijua hilo. Hakuna aliyenisahihisha. Baba alivuta mguu wake wa kushoto taratibu, akauingiza chini ya benchi, na akainamisha uso. Nilitaka kuruka nikamshike. Nilitaka pia ardhi ifunguke. Nilikaa pale pale nikaendelea kutafsiri.

Picha ilipoisha nilizima jenereta. Masikio yalivuma. Mzee mkubwa alikaa kidogo, akajifuta uso kwa kofia, akainuka kwa kushika bega la jirani yake.

"Yule mwanamke kalelewa," akasema.

Wengine wakaitikia. Akasema picha haina ubaya, ina mafunzo hata. Kuhusu binti, binti akae, ila pakifika pale ageuke vilevile. Mama mlangoni akawaitikia asante shemeji, asante shemeji, na mmoja baada ya mwingine wakatoka. Baba alitoka katikati yao, asinitazame. Mama alinisogelea akanifunga vizuri kitambaa cha kichwa, ingawa hakikuwa kimefunguka, na mikono yake ilikuwa baridi. Hakuniuliza maneno yale nimeyatoa wapi.

Jioni baba alinikuta nje nachambua mboga. Akachuchumaa mbali kidogo, akaokota kijiti, akakivunja vipande vidogovidogo. Nilisubiri kugombezwa. Nilikuwa nimejiandaa hata na la kujibu.

"Yule mke," akasema, "baada ya pale anabaki na mumewe?"

Alikuwa ameiona picha yote mpaka mwisho kama mimi. Yule mwanamke anapanda gari moshi anaondoka, na bwana anabaki stesheni. Sijui kwa nini anaondoka, Kihindi sikujua, na mbele ya wazee nilisema anakwenda kumuuguza mama yake.

"Anabaki, baba. Anarudi."

"Hata kama anajua."

"Hata kama anajua."

Akatikisa kichwa, akaridhika, au akaamua kuridhika. Akasema mboga zile ni nyingi mno kwa watu watatu, akaenda zake msikitini. Kigoda kilikuwa changu, shangazi wa Mkunya akanyamaza, na msimu uliofuata wa korosho haukwisha nikapanda lori la Masasi na begi langu, sikurudi kuishi tena Newala. Baba ndiye aliyenisindikiza stendi. Alimwomba dereva anikalishe mbele, dirishani, akamwambia, "Huyu mtoto hapendi kukosa kuona."